Kazi Ipo, Malipo Yako Wapi? Kipato cha Fundi Umeme Dodoma na Nafasi Zake za Ajira

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi umeme na wahitimu wa ufundi, Kata ya Chang'ombe, Jiji la Dodoma



Nimepewa kazi ya kuzungumzia kipato cha fundi umeme na matarajio ya ajira katika mkoa wa Dodoma. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Kazi ya umeme Dodoma ipo, tena ni nyingi kuliko wakati wowote ambao mkoa huu umewahi kuuona. Kinachowakwamisha vijana wa Chang'ombe ni kwamba wengi wanaifanya kazi hiyo wakiwa watu wa mwisho kulipwa. Hawana leseni, hawana mkataba wa maandishi, na hesabu wanayoijua ni ya siku moja. Mshahara wa fundi umeme hauamuliwi na ubora wa mikono yake peke yake. Unaamuliwa na mahali anaposimama kati ya mwenye fedha na swichi.

Kazi inatoka wapi

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikawakuta 765,179 katika Jiji. Mkoa mzima ulitoka watu 2,083,588 ukafika 3,085,625. Watu hao wote walioongezeka wanaishi kwenye nyumba za kujenga au za kupanga, na kila chumba kinataka taa na soketi.

Wazee wa hapa wanajua kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, ikaundwa mamlaka ya CDA kusimamia ujenzi wa mji, halafu miaka mingi ikapita kwa mwendo wa pole. Mambo yalibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia kweli. Mwaka uliofuata CDA ikavunjwa, Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na 2019 ofisi za kwanza za wizara zikafunguliwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Baada ya hapo yakaja majengo ya ghorofa ya wizara hizo hizo, makao makuu ya taasisi, hosteli, hoteli, na mitaa mizima ya Ilazo, Iyumbu, Kisasa na Nzuguni. TANESCO, mdhibiti wa nishati EWURA na wakala wa nishati vijijini REA, wote sasa wana makao makuu katika jiji hili. Fundi wa Chang'ombe anaweza kupanda daladala akafika kwenye ofisi ambazo mwenzake wa Kigoma au Mtwara huziona kwenye barua tu. Faida hiyo hatujaitumia.

Kwenye gridi nako hali ni nzuri. Njia kuu ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita Dodoma, na kituo cha Zuzu ndicho kinachotulisha. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024. Mwaka huo huo treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Januari 2025, kwenye mkutano wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Dar es Salaam, Tanzania iliweka lengo la kuwaunganisha wateja wapya milioni 8.3 ifikapo mwaka 2030. Naomba wahitimu waitafakari idadi hiyo. TANESCO na REA wataleta nguzo, waya na mita. Wairingi ya ndani ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba humwita fundi. Kijijini mteja hulipa shilingi 27,000 kuunganishwa. Mjini, tangu Januari 2022, aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo hulipa 320,960. Fedha yote hiyo inaishia kwenye mita. Kuanzia hapo kwenda ndani ni soko letu.

Sasa turudi nyumbani. Chang'ombe si Iyumbu. Kata yetu ni ya zamani, nyumba nyingi zilisimama kabla ya viwanja kupimwa, na kiwanja kipya cha kujenga ni nadra kukipata. Kijana akisikia "kazi za umeme Dodoma" macho yake hukimbilia Mtumba, akasahau kwamba amezungukwa na kazi. Chukua nyumba ya vyumba sita vya kupangisha yenye LUKU moja. Waya wake ulipitishwa darini zamani kwa ajili ya taa na redio. Leo waya huo huo unabeba friji mbili, pasi, hita ya maji, sabufa, na jiko la umeme la presha ambalo mpangaji amelinunua kwa sababu mkaa umepanda bei. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo majiko hayo yataongezeka. Nyumba kama hiyo inahitaji saketi mpya za jikoni, mainswichi yenye breka zinazolingana na waya, mita ndogo za kugawa matumizi ya wapangaji, na ethi inayofanya kazi. Kazi hii haitangazwi kwenye ubao wowote. Ipo mtaa kwa mtaa, na itaendelea kuwapo hata ghorofa za Mtumba zikishakamilika.

Fedha inavyoshuka

Jengo kubwa la mjini lina ngazi nyingi za malipo. Juu yupo mwenye jengo, ambaye mara nyingi ni Serikali au taasisi. Anayefuata ni mkandarasi mkuu, kisha mkandarasi wa umeme aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kisha foromani, kisha kiongozi wa genge aliyepewa ghorofa mbili kwa mkataba wa mdomo, kisha fundi, na mwisho kabisa saidia fundi anayetindua ukuta. Kila ngazi hukata chake kabla fedha haijateremka, na kila ngazi ina sababu ya kuchelewesha. Mkandarasi wa umeme huambiwa cheti cha malipo hakijasainiwa, naye humwambia foromani asubiri. Foromani humwambia kiongozi wa genge arudi Ijumaa. Fundi wa mwisho hajui hata thamani ya mkataba anaoutumikia.

Simlaumu mkandarasi kwa kutaka faida. Ana dhamana benki, ana bima, ana vifaa, na mara nyingi anaidai Serikali kwa miezi. Lakini fundi aliye mwishoni mwa ngazi hizo hubeba hatari yote ya ucheleweshaji bila kupata sehemu yoyote ya faida, na hilo si haki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiko kimya. Inatambua mkataba wa kazi maalumu, na inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yake, saa zake, malipo yake. Anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja ndiye asiyeguswa na sharti hilo. Fundi aliyepiga kondiuti kwenye jengo moja kwa miezi minne si deiwaka, hata kama analipwa kila jioni mkononi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, za ziada hulipwa mara moja na nusu, likizo ni siku 28 kwa mwaka. Ukidhulumiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, lakini muda wake ni mfupi: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi isivyo halali, na 60 kwa madai mengine kama ya ujira. Wengi wetu huenda baada ya mwaka, tukiwa tumeshachoka kuzungushwa, tukaambiwa tumechelewa.

Hesabu ya mwezi mzima

Mwezi Mei 2025 Serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Kwa sekta binafsi, amri mpya ya mishahara ikapandisha wastani wa kima cha chini kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 1, 2026. Huo ni wastani wa sekta mbalimbali. Kila sekta ina kiwango chake, na katika ujenzi kiwango kimekuwa kikifuata daraja la mkandarasi: amri ya mwaka 2013, kwa mfano, iliweka 325,000 kwa mkandarasi wa daraja la kwanza, 280,000 kwa la pili hadi la nne, na 250,000 kwa la tano hadi la saba. Amri zilizofuata zimepandisha viwango. Kwa hiyo swali la kwanza unapoitwa kazini ni hili: mwajiri wangu ni mkandarasi wa daraja gani? Kisha itafute amri inayotumika sasa, uisome mwenyewe.

Tena kima cha chini ni cha mfanyakazi wa chini kabisa, yule asiye na ujuzi. Fundi mwenye cheti cha VETA anapokubali kulipwa kima cha chini, ameuza miaka yake ya chuo bure. Waajiri wengi wamekigeuza kiwango hicho kuwa dari, na sisi tumenyamaza.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa namba za kukokotolea tu. Kijana anaambiwa atalipwa 25,000 kwa siku. Anazidisha kwa siku 26, anapata 650,000, anaona amewashinda watumishi wa umma. Sasa tumlinganishe na mwenzake aliyeajiriwa na kampuni kwa ule wastani wa 358,322. Mwajiri wa mwenzake huyo anachangia NSSF, na kama mchango wake ni asilimia 10, hiyo ni karibu 35,800 kila mwezi. Likizo yake inalipwa, na ukiigawa kwa miezi 12 ni takriban 29,900 nyingine. Jumla inafika kama 424,000. Ili kijana wa 25,000 amfikie, anahitaji siku 17 za kazi zilizolipwa, kila mwezi, mwaka mzima. Bado hatujatoa nauli ya kwenda Mtumba na kurudi, wala drili iliyoungua, wala siku ambayo nondo zilichelewa na zege halikumwagwa. Na akianguka kwenye ngazi, mwenzake mwenye ajira rasmi ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wakati yeye ana michango ya marafiki kwenye kundi la WhatsApp.

Jiulize kwa ukweli: mwezi uliopita ulilipwa siku ngapi? Anayefika 17 kila mwezi anafanya vizuri kama kibarua. Asiyefika, na nadhani humu ndani ndio wengi, anapata chini ya yule mwenzake wa wastani wa kima cha chini huku akijiona ana bei nzuri.

Kazi ya nyumba ina hesabu yake. Hapa tunapatana kwa pointi: kila taa, kila swichi, kila soketi ni pointi moja. Tuseme nyumba ina pointi 45 kwa 10,000 kila moja, jumla 450,000. Kupiga paipu, kuvuta waya na kufunga fitingi, jumla siku tisa. Saidia fundi analipwa 15,000 kwa siku, hiyo ni 135,000. Zinabaki 315,000, yaani 35,000 kwa siku. Bei nzuri. Lakini siku hizo tisa hazifuatani. Paipu hupigwa kabla ya plasta, waya huvutwa baada ya plasta, fitingi hufungwa baada ya rangi. Kati ya paipu na fitingi mwaka unaweza kupita, mwenye nyumba akaishiwa fedha, au akamleta fundi mwingine amalizie. Kama mlikubaliana malipo ya awamu tatu zilizo sawa na awamu ya mwisho, 150,000, haikuja, umebaki na 165,000 kwa siku zako za kazi, na faida yako yote ilikuwa ndani ya ile awamu ya mwisho.

Dawa yake ni kupanga awamu zifuate kazi ilipo. Kutindua na kupiga paipu ndiyo kazi nzito, basi ilipwe kwa uzito wake: asilimia 40 paipu zinapokamilika, 40 waya ukishavutwa, 20 kwenye fitingi. Iandikwe kwenye karatasi moja, pande mbili zisaini, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Wenye nyumba mliopo, karatasi hiyo inawalinda ninyi pia. Itaje ukubwa wa waya na aina ya breka, ili mtu asikufungie waya mwembamba halafu akakutoza bei ya mnene.

Leseni, na muhuri wa kuazima

Hapa ndipo penye kiini cha mada yangu, na hapa nitakawia.

Kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi ya kufunga mifumo ya umeme hufanywa na mwenye leseni ya EWURA. Leseni zina madaraja, kuanzia A kwa kazi kubwa, kushuka B, C na D, na lipo daraja W la fundi wa wairingi. Daraja linafuata elimu na uzoefu wa mwombaji, na maombi hufanyika kwa mtandao. Kwa kijana aliyemaliza VETA na kufanya kazi chini ya fundi anayeaminika, njia iko wazi.

Nini kinatokea mitaani? Fundi asiye na leseni anaifunga nyumba kuanzia chini hadi juu. Mteja anapotaka kuomba umeme TANESCO, panahitajika mwenye leseni athibitishe kwamba wairingi iko sawa. Fundi anamtafuta mwenye leseni, anamlipa, anapigiwa muhuri. Mara nyingi mwenye muhuri hajafika kwenye nyumba hiyo. Hajashika mega ya kupimia waya, hajapima ethi, hajafungua hata soketi moja.

Angalieni hasara ilivyogawanyika. Aliyefanya kazi ya siku tisa amekatwa kipande cha ujira wake na mtu aliyefanya kazi ya dakika mbili. Mwenye nyumba amelipia ukaguzi ambao haukufanyika. Mwenye leseni naye amebeba dhamana ya kisheria ya nyumba asiyoijua, na moto ukiwaka jina lake ndilo liko kwenye karatasi. Na kwa kuwa kazi haina jina la aliyeifanya, fundi mzuri na kishoka, yule fundi wa kubahatisha, wanaonekana sawa mbele ya mteja, kwa hiyo mteja anachagua kwa bei. Hivyo ndivyo bei ya pointi inavyoshushwa kila mwaka huku nondo, saruji na unga vikipanda. Mnaolalamika kwamba vishoka wameharibu soko mna haki ya kulalamika. Lakini fundi mwenye ujuzi asiye na leseni yuko upande wao wa mstari wa kisheria, na mteja hana namna ya kuwatofautisha.

Wapo mlioanza kazi kwa kumfuata kaka au mjomba, hamkupita chuo chochote, na mna mikono inayoweza kumfundisha mwalimu. Kwenu VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa kazi unayoifanya, unaelekezwa palipopungua, unapewa cheti cha ngazi unayostahili. Serikali imewahi kulipia mafunzo ya namna hii kupitia programu yake ya kukuza ujuzi, kwa hiyo fuatilieni matangazo. Cheti hicho ndicho mlango wa kuingia kwenye leseni. Mtu mwenye miaka 15 kazini hapaswi kuona aibu kukaa kwenye dawati wiki chache.

Ethi katika ardhi kavu

Nataka kuonyesha kwa mfano mmoja wa kiufundi jinsi ujuzi unavyoweza kugeuka fedha hapa hapa kwetu.

Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Miezi inayobaki ardhi inakauka mpaka chini. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo ya ethi iliyopimwa Februari ikaonekana nzuri inaweza kuwa haifai kitu Oktoba. Tuseme ukinzani wake umefika omu 50. Waya wa moto ukigusa bodi ya friji, volti 230 gawa kwa 50 unapata ampea 4.6. Breka ya ampea 32 haitashtuka kwa ampea 4.6. Umeme utabaki kwenye bodi ya friji, ukimsubiri mtoto anayekwenda kuchukua maji akiwa pekupeku.

Suluhisho tunalijua: breka ya kuhisi uvujaji, RCD ya miliampea 30, inayokata kabla hatari haijawa kubwa, fimbo ndefu au fimbo mbili tatu zilizounganishwa, na zaidi ya yote kupima, tena kupima wakati wa kiangazi. Nyumba ngapi za Chang'ombe zimewahi kupimwa ethi tangu zijengwe? Sitaji idadi, lakini fundi yeyote humu anajua nyumba ambazo waya wa ethi umekatwa na kuishia ndani ya ukuta.

Kipimo cha ethi na mega ni vifaa vya gharama kwa mtu mmoja. Kwa kikundi cha mafundi kumi vinanunulika. Kikundi chenye vifaa hivyo na leseni kinaweza kuuza huduma ambayo kishoka hawezi kuiuza: ukaguzi wa nyumba wenye karatasi ya vipimo. Shule binafsi, nyumba za wageni, baa, makanisa, misikiti, wenye nyumba za kupangisha, wote ni wateja. Kazi hiyo haina kutindua wala kusubiri plasta, na inajirudia kila mwaka.

Nje ya jiji, na nje ya nchi

Wilayani, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, umeme umefika vijijini, lakini mafundi wamebaki mjini. Huko kazi kubwa ni mota: pampu za visima, mashine za kusaga, mashamba ya zabibu ya kumwagilia, na pampu za sola. Anayejua kusuka mota, kufunga stata na kusoma mchoro wa paneli hapatani kwa pointi. Mwenye mashine iliyosimama anapoteza fedha kila saa, naye hulipa haraka. Nawashauri vijana wawili watatu kati yenu mwache kugombania wairingi za mjini mkajifunze mota.

Ajira za TANESCO na za Shirika la Reli zipo na zina mshahara wa uhakika, ila nafasi ni chache na washindani ni wa nchi nzima. Omba, lakini usikae bure ukisubiri jibu.

Majirani zetu Kenya nao wana leseni za madaraja, kutoka C2 kupanda hadi A1, chini ya mamlaka yao ya nishati. Wanaotamani Oman, Qatar au Saudia wapitie kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, na waende na vyeti vilivyotambuliwa. Bila cheti utapokelewa kama kibarua, hata kama ulikuwa fundi mkuu nyumbani.

Marekani wana jambo moja la kuiga. Idara yao ya takwimu za kazi hutangaza kila mwaka kipato cha mafundi umeme kwa nchi nzima na kwa kila jimbo. Mwezi Mei 2024 kipato cha kati cha fundi umeme kilikuwa dola 62,350 kwa mwaka. Kiasi chenyewe hakitusaidii, maana maisha yao na bei zao ni nyingine. Kinachotusaidia ni kwamba kijana wa kule, kabla ya kukubali kazi, anajua wenzake wa jimbo lake wanalipwa nini, na mwajiri anajua kwamba kijana anajua. Sisi tunapatana gizani. Wawili wanafunga nyumba zinazofanana kwenye mtaa mmoja, mmoja kachukua nusu ya mwenzake, na hawajuani.

Ninachoomba kifanyike

Kwanza, mafundi wa kata hii waunde kikundi kilichosajiliwa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu. Shule na zahanati zinazojengwa kwa force account, yaani kwa kutumia mafundi badala ya mkandarasi, zinahitaji mafundi wa karibu, na ununuzi huo sasa unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Fundi mmoja mmoja haoni mlango huo. Kikundi chenye leseni, akaunti ya benki na namba ya mlipakodi kinaingia. Mabinti waliosoma umeme wawemo tangu siku ya kwanza. Wapo, na wengi wameishia kuuza kwenye maduka ya vifaa kwa sababu hakuna genge lililowaita.

Pili, kikundi hicho kiandike bei elekezi za Chang'ombe: pointi moja shilingi ngapi, kubadilisha mainswichi shilingi ngapi, kupima ethi shilingi ngapi. Zibandikwe ofisi ya kata na kwenye maduka ya vifaa vya umeme, zirekebishwe kila Januari. Hakuna atakayelazimishwa, lakini mteja na fundi wataanzia mahali pamoja.

Tatu, kila fundi ajiwekee mchango wake mwenyewe NSSF. Mfuko unapokea watu waliojiajiri. Miguu ya kupanda ngazi ina mwisho wake, na nimewaona mafundi wakubwa wa mji huu wakizeeka kwa kuombaomba vibarua kwa vijana waliowafundisha.

Nne, wenye leseni mliomo humu, acheni kuuza muhuri. Mkihitajika kuthibitisha, nendeni mkapime, mtoze gharama ya kupima, na mumsaidie huyo kijana apate leseni yake.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na maombi mawili ya leo hii. Kila mwenye cheti asiye na leseni aandike jina na namba ya simu kwa mtendaji wa kata kabla hatujatawanyika, ili maombi ya EWURA yafanywe kwa pamoja na wanaoujua mfumo wawaelekeze wasioujua. Na ninyi wenye nyumba wa Chang'ombe, msimpe fundi shilingi ya kwanza kabla hajawaonyesha leseni yake na hamjasaini naye karatasi ya makubaliano.